TUZIBE UFA KWA AKILI
Misumari iliyolegea na lipu iliyobanduka

Wahenga walisema: Usipoziba ufa utajenga ukuta. Methali hii tunaijua wote. Lakini methali haisemi ufa unazibwaje. Hapo ndipo wengi wetu tunapokosea.

Sisi tunaoandika somo hili tulikosea pia. Tulikuwa na chumba hapa Ufipa chenye kuta za matofali mabichi, zilizosiribwa kwa udongo. Karibu na mlango tulipigilia msumari wa kutundikia nguo. Tulitundika makoti mazito, maana baridi ya Ufipa mwezi wa Juni na Julai si mchezo. Baada ya muda msumari ukalegea. Tukaugonga. Ukalegea tena. Mara ya tatu kipande cha udongo kikubwa kama sahani kikaanguka chini, na msumari ukiwa ndani yake.

Basi tukanunua simenti kidogo. Tukaikoroga, tukaipaka juu ya lile tundu. Ukuta ukapendeza, nasi tukajisifu. Mvua zilipokolea mwezi wa Januari, ile simenti ikabanduka yote kwa mara moja, kama ukoko wa ugali unavyobanduka sufuriani. Nyuma yake udongo ulikuwa umelowa. Palikuwa na nafasi tupu, na ndani ya nafasi ile walikaa wadudu.

Tuliziba ufa, lakini hatukutumia akili. Leo tujifunze kazi hii vizuri. Neno la kukumbuka ni moja tu: TAFUTA CHANZO KWANZA, KISHA ZIBA.

KWA NINI TUJALI UKUTA WA NDANI?

Mtu anaweza kusema: "Ukuta wa nje ndio unaopigwa na mvua. Wa ndani una shida gani?" Ndugu zetu, ukuta wa ndani ndio tunaolala nao.

Katika nyufa za ukuta hukaa kunguni na mende. Tena, katika baadhi ya sehemu za Tanzania yuko mdudu mbaya zaidi. Huyu ni papasi. Papasi ni jamii ya kupe, lakini mwili wake ni laini kama ngozi. Mchana hujificha katika vumbi la sakafu, na katika nyufa za ukuta, hasa sehemu ya chini. Usiku hutoka, humnyonya damu mtu aliyelala, kisha hurudi mafichoni upesi. Asubuhi humwoni. Anaweza kukaa miaka kadhaa bila kula, akikusubiri.

Papasi huleta homa ya papasi. Mgonjwa hupata homa kali siku chache. Homa hutulia, mtu akadhani amepona. Baada ya siku kadhaa homa hurudi tena. Ugonjwa huu ni hatari sana kwa mama mjamzito na kwa mtoto mchanga. Watu wengi huudhani kuwa ni malaria. Ukipata homa inayokwenda na kurudi, nenda zahanati upesi ukapimwe damu. Dawa ipo na ugonjwa hutibika.

Jambo hili lilichunguzwa katika nchi zetu hizi hizi. Mwaka 1905 daktari Mjerumani Robert Koch aliwachunguza papasi katika nchi yetu, wakati ilipotawaliwa na Wajerumani. Alikuta kuwa papasi hubeba vijidudu vya homa hiyo, na kuwa vijidudu hupita mpaka katika mayai yake. Kwa hiyo hata watoto wa papasi huzaliwa na ugonjwa. Ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, upande wa Kongo, madaktari wawili, Dutton na Todd, walikuwa wanachunguza jambo lile lile. Wote wawili wakaugua homa hiyo. Dutton alifariki huko Kasongo mwaka huo huo wa 1905. Kijidudu cha homa ya papasi kikapewa jina lake.

Basi tunapoziba ufa chini ya kitanda cha mama aliyejifungua, hatupambi nyumba tu. Tunamfukuza adui.

CHANZO KWANZA

Kabla ya kushika mwiko, simama utazame. Jiulize: kwa nini lipu imebanduka hapa na si pale? Vyanzo vikubwa ni hivi:

1. Maji kutoka juu. Ukiona alama ya maji inashuka kutoka darini, bati au nyasi za paa zinavuja. Mara nyingi ni tundu la msumari wa bati. Ziba paa kwanza.

2. Maji kutoka chini. Ukiona unyevu chini ya ukuta, au unga mweupe kama chumvi, maji yanapanda kutoka ardhini. Toka nje utazame. Huenda udongo na taka zimerundikana ukutani. Huenda maji ya paa yanaangukia pale pale. Ondoa udongo huo mpaka ardhi ya nje iwe chini ya sakafu ya ndani, angalau shubiri moja. Lakini angalia usichimbe chini ya msingi. Chimba mfereji mdogo wa kupeleka maji mbali.

3. Mchwa. Ukiona vijia vya udongo vinapanda ukutani, gonga fremu ya mlango. Kama mbao inalia kama debe tupu, mchwa wameila ndani. Lipu mpya haitashika kwenye mbao iliyoliwa.

4. Mtikisiko. Mlango unaobamizwa kila siku hutikisa fremu. Lipu ya pembeni huanguka. Magunia ya mahindi yaliyoegemezwa ukutani husukuma na kusugua. Tena huzuia hewa, na unyevu hubaki. Weka magunia juu ya vichaga, yakae mbali kidogo na ukuta.

5. Vitu visivyopatana. Hili ndilo lililotukuta sisi. Ukuta wa udongo hujaa kidogo ukipata unyevu, na hunywea ukikauka. Simenti ni ngumu, haiendi naye. Tena huzuia unyevu usitoke. Udongo wa nyuma hulainika, na simenti hubanduka.

Kwa hiyo kanuni ni hii: udongo kwa udongo, chokaa kwa chokaa. Simenti si mbaya, lakini mahali pake ni kwenye tofali la kuchoma, bloku au jiwe.

NYUFA: ANDIKA TAREHE

Nyufa si za aina moja. Kuna ufa mwembamba kama unywele, ulio katika lipu tu. Huo hutokea lipu ilipokauka haraka. Si hatari. Lakini kuna ufa unaopita mpaka kwenye tofali. Mara nyingi huanzia kwenye pembe ya dirisha au mlango, ukaenda mshazari. Huo una maana kuwa nyumba imetikisika au msingi umezama.

Utajuaje kama ufa umetulia au bado unaendelea? Hapa ndipo kusoma na kuandika kunapotufaa. Chukua kipande cha karatasi, kirefu kama kidole. Kibandike kwa uji mzito wa unga, kikatize juu ya ufa. Andika tarehe juu yake. Kisha kwenye ncha ya ufa piga mstari kwa penseli, uandike tarehe hapo pia. Ngoja mwezi mmoja au miwili. Ni vizuri zaidi ungoje mpaka mvua zipite.

Ukirudi ukakuta karatasi ni nzima, na ufa haujapita mstari wako, basi ufa umetulia. Uzibe. Ukikuta karatasi imechanika, ukuta bado unatembea. Ukiziba leo, utaziba tena kesho. Mwite fundi anayejua misingi. Na kama ukuta umeinama au umevimba katikati, msilale chumba hicho hata usiku mmoja.

Sisi wa Ufipa tusilipuuze jambo hili. Nchi yetu ipo kando ya Bonde la Ufa, kati ya Ziwa Rukwa na Ziwa Tanganyika. Matetemeko yapo. Tarehe 13 Desemba 1910 lilitokea hapa Rukwa tetemeko la kipimo cha 7 na zaidi. Ni moja kati ya matetemeko makubwa kabisa yaliyopimwa Afrika katika karne ile. Kwa hiyo baada ya mtikisiko wowote, zunguka nyumba yako ndani na nje. Tazama pembe zote za milango na madirisha.

MISUMARI YA UKUTANI

Mababu zetu wa Ufipa walikuwa mafundi wa chuma. Waliyeyusha chuma katika malungu, yale matanuru marefu ya udongo kupita kimo cha mtu. Walijua udongo na walijua chuma. Sisi tunagonga chuma katika udongo mkavu, halafu tunashangaa kikitoka!

Msumari hushikwa na mbao kwa sababu nyuzi za mbao huubana. Udongo hauna nyuzi za namna hiyo. Ukiugonga msumari, udongo wa pembeni hupasuka na kuwa vumbi. Kila unapotundika koti, msumari huchezacheza, na tundu hupanuka. Kuugonga tena ni kulipanua zaidi. Fanya hivi:

1. Ng'oa msumari. Weka kipande cha ubao ukutani, nyundo iegemee juu yake. Ukiegemeza nyundo kwenye lipu, utaivunja.

2. Panua tundu kwa tindo au chuma chenye ncha. Liwe na kina cha vidole vinne, na ndani liwe pana kuliko mdomoni.

3. Chonga kigingi cha mti mgumu uliokauka kabisa. Upande mmoja uwe mnene, mwingine mwembamba. Mti mbichi haufai. Ukikauka utanywea, na kigingi kitalegea.

4. Futa vumbi, nyunyiza maji kidogo. Ingiza kigingi, upande mnene ukitangulia ndani. Kikikaa hivyo hakitoki, kama jino lenye mizizi. Shindilia mchanganyiko pande zote. Kwa ukuta wa udongo tumia udongo, kwa tofali la kuchoma tumia mchanganyiko wa chokaa au simenti.

5. Ngoja pakauke. Usitundike kitu kabla ya wiki mbili. Kisha pigilia msumari katikati ya kigingi.

Kama watu ni wengi nyumbani, weka vigingi viwili au vitatu kwa mstari. Pigilia ubao mmoja mrefu juu yake, na misumari ya nguo iwe katika ubao huo. Ukuta utapumzika.

MISUMARI YA DARINI

Siku hizi nyumba nyingi mjini Sumbawanga, na nyingine vijijini, zina dari la ubao mwepesi. Baada ya mwaka mmoja au miwili, vichwa vya misumari huanza kuchungulia. Rangi inapasuka, vichwa vinaonekana kama chunusi. Watu husema: "Fundi ametuibia." Pengine fundi hana kosa kubwa. Kosa ni mbao mbichi. Papi zilipigiliwa zikiwa na maji. Zilipokauka zikanywea, zikaacha nafasi kati ya papi na ubao wa dari. Msumari ulibaki pale pale, ubao ukalegea. Mti wa mkaratusi, ambao wengi tunao, una tabia hiyo sana.

Kumbuka, kuugonga tu ule msumari wa zamani hakufai. Tundu lake limekwisha kulegea. Fanya hivi:

1. Mtu mmoja ausukume ubao juu kwa mti wenye kitambaa kichwani, mpaka ubane kwenye papi.

2. Mtu wa pili apigilie msumari mpya, au afunge skrubu, upana wa vidole viwili kutoka kwa ule wa zamani, katika papi ile ile.

3. Kichwa cha msumari kiingie ndani kidogo tu. Kisipasue ubao.

4. Kisha ng'oa msumari wa zamani, au uugonge uingie ndani.

5. Paka vichwa vya misumari rangi ya mafuta kabla ya kuvifunika. Unyevu huleta kutu, na kutu hutoa madoa mekundu.

6. Ziba mashimo, acha yakauke, sugua kwa msasa, kisha paka rangi.

Angalizo: msumari wenye kutu ukikuchoma, osha kidonda kwa maji na sabuni. Nenda zahanati siku hiyo hiyo. Waulize kuhusu sindano ya pepopunda.

MAZUNGUMZO

(Wasomaji wawili wasome kwa sauti. Mmoja awe Mama, mwingine Fundi.)

Fundi: Hodi! Shikamoo mama.

Mama: Marahaba mwanangu. Karibu ndani. Nimekuita kwa ajili ya ukuta huu. Nataka uutie simenti, tumalize kazi.

Fundi: Haya mama. Ngoja kwanza nigonge. Unasikia? Hapa panalia ko, ko. Pamejaa. Hapa je?

Mama: Panalia kama boga tupu.

Fundi: Ndiyo. Hapo lipu imeachana na tofali, ingawa haijaanguka. Nipe mkaa nizungushie alama. Yote iliyo ndani ya alama itatoka.

Mama: Mbona unaongeza shimo? Mimi nilikuita upunguze!

Fundi: Mama, nikiziba juu ya lipu iliyolegea, yangu mpya itashika nini? Itashika kitu kinachoanguka. Zitaanguka zote mbili.

Mama: Kweli. Na simenti je?

Fundi: Ukuta wako ni wa tofali bichi. Simenti hauitaki. Udongo wa kichuguu unatutosha, na mchanga wa mtoni. Hela ya simenti mnunulie mjukuu daftari.

Mama: Wewe fundi unanifurahisha. Lakini utapata kazi wapi, kama unakataa hela?

Fundi: Nikifanya vizuri, mama, utaniambia kwa jirani.

KUZIBA LIPU: HATUA KWA HATUA

Wakati mzuri wa kazi hii ni kiangazi, mvua zikiisha, kuanzia mwezi wa Mei. Vifaa ni hivi: nyundo, tindo, mwiko wa fundi, brashi au ufagio mdogo, karai, ndoo, chekecheke, na ubao ulionyooka.

Hatua ya 1: Toa vilivyolegea. Ondoa kitanda na nguo. Nyunyiza maji sakafuni ili vumbi lisiruke. Funga kitambaa puani na mdomoni. Bandua lipu yote inayolia tupu, mpaka ufike kwenye iliyo imara. Kata kingo ziwe pana ndani kuliko nje, ili lipu mpya ishikwe. Ufa pia ufungue hivyo hivyo, upate nafasi ya kuingiza mwiko.

Hatua ya 2: Safisha. Fagia vumbi lote ndani ya tundu. Vumbi ndilo adui wa lipu. Tofali likiwa laini sana, lichimbechimbe vishimo vidogo ili lipu ipate pa kushika. Zoa vumbi lile, ulitupe mbali na nyumba. Huenda ndani yake wamo papasi.

Hatua ya 3: Lowesha. Ukuta mkavu hunyonya maji ya lipu, nayo huwa unga. Tofali la kuchoma lilowe vizuri, lakini maji yasitiririke. Tofali bichi linyunyizie tu. Ukilimwagia maji mengi litayeyuka.

Hatua ya 4: Changanya.

Kwa ukuta wa udongo: chekecha udongo wa kichuguu au udongo mwingine unaonata. Changanya sehemu 1 ya udongo na sehemu 2 au 3 za mchanga. Ongeza nyasi kavu zilizokatwakatwa fupi. Nyasi huzuia nyufa. Kanyaga vizuri, funika, uache ulale usiku mmoja. Wengine huongeza samadi ya ng'ombe. Samadi husaidia kushikamanisha, ila usiishike kwa mikono yenye vidonda, kwa sababu ya pepopunda.

Udongo wa Laela si lazima ufanane na wa Matai. Kwa hiyo jaribu kwanza. Paka viraka vitatu ukutani, kila kimoja kikubwa kama kiganja. Cha kwanza kiwe na mchanga sehemu 1, cha pili 2, cha tatu 3. Andika namba pembeni. Ngoja wiki moja. Chenye nyufa kina udongo mwingi mno. Kinachotoka unga ukikisugua kina mchanga mwingi mno. Kisicho na nyufa wala unga, hicho ndicho kipimo chako. Kiandike katika daftari.

Kwa tofali la kuchoma: simenti sehemu 1, chokaa sehemu 1, mchanga sehemu 6. Chokaa huifanya lipu iwe laini, isipasuke upesi. Changanya kiasi cha kutumia kwa saa moja tu. Simenti iliyoanza kukauka usiiongezee maji, itupe. Chokaa na simenti huunguza ngozi na macho. Zikiingia jichoni, osha kwa maji mengi safi muda mrefu, kisha nenda zahanati.

Hatua ya 5: Paka. Rusha mchanganyiko kwa nguvu uingie mpaka ndani, kisha kandamiza. Usipake zaidi ya unene wa kidole kimoja kwa mara moja. Tundu likiwa na kina kirefu, paka tabaka mbili au tatu. Kila tabaka likiwa bado bichi, liparuze kwa msumari, ili la pili lipate pa kushika. La kwanza likiwa limekazana, nyunyiza maji, paka la pili.

Hatua ya 6: Sawazisha. Weka ubao ulionyooka, ncha zake zikae juu ya lipu ya zamani pande zote mbili. Uvute ukiuchezesha huku na huku. Ziada itatoka. Kisha lainisha kwa kipande cha ubao kilichoswakiwa maji.

Hatua ya 7: Usiharakishe kukauka. Upepo wa kiangazi cha Ufipa ni mkavu. Ukiingia dirishani utaipasua lipu yako siku hiyo hiyo. Funga dirisha. Lipu yenye simenti na chokaa ifunike kwa gunia lenye unyevu, uinyunyizie maji asubuhi na jioni kwa siku 7. Lipu ya udongo haihitaji kumwagiwa maji. Iache ikauke polepole kivulini. Ukiona vijiufa vidogo, lowesha kidogo, vikandamize kwa ubao.

Hatua ya 8: Paka chokaa. Lipu ikikauka kabisa, paka chokaa mara mbili, chumba kizima. Chokaa huziba matundu madogo na kuleta mwanga. Katika ukuta mweupe ufa mpya huonekana mapema.

Usisahau pembe kati ya ukuta na sakafu. Hapo wengi hatutazami, na hapo papasi hupenda. Zungusha chumba kizima. Shindilia pembe zote, sakafu isiwe na vumbi wala nyufa.

HESABU

Tundu lina urefu wa sentimita 100, upana wa sentimita 50, na kina cha sentimita 2. Tunahitaji mchanganyiko kiasi gani?

100 x 50 x 2 = 10,000.

Sentimita 1,000 za ujazo ni lita 1. Kwa hiyo 10,000 ni lita 10. Debe moja ni lita 20. Basi tunahitaji nusu debe, na kidogo cha ziada kwa kitakachoanguka chini. Mwenye hesabu hii hanunui mfuko mzima wa simenti kwa tundu moja.

MASWALI

1. Kwa nini simenti ilibanduka katika chumba chetu?
2. Mchana papasi hujificha wapi? Nani huumizwa zaidi na homa yake?
3. Utajuaje kama ufa bado unaendelea?
4. Kwa nini upande mnene wa kigingi hutangulia ndani?
5. Ukiwa na makopo 12 ya mchanga, utatia makopo mangapi ya simenti, na mangapi ya chokaa?
6. Kazi ya nyumbani: gonga kuta zote za chumba unacholala. Zungushia alama ya mkaa mahali panapolia tupu. Andika katika daftari ni mahali pangapi, na kila pahali chanzo ni nini.

MANENO

Dari: sehemu ya juu ya chumba, chini ya paa.
Kigingi: kipande cha mti kinachoingizwa ukutani au ardhini.
Kunywea: kupungua ukubwa.
Kusiriba: kupaka ukuta udongo na kuulainisha.
Mshazari: upande upande, si wima wala si kulala.
Papi: mbao nyembamba zinazoshika bati au dari.
Tindo: chuma cha kuchongea au kukatia ukuta.

Ndugu wasomaji, chumba chetu sasa ni kizima. Tulitoa simenti yote, tukachimba udongo uliorundikana nje, tukatia kigingi, tukasiriba kwa udongo wa kichuguu. Pembeni ya mlango tuliandika tarehe kwa penseli. Mvua zilipoisha tukaenda kutazama. Karatasi ilikuwa nzima, na makoti yalikuwa yananing'inia pale pale.

Nanyi gongeni kuta zenu. Zitawajibu.